Sura ya Nne: Kitabu Kibichi

Mkuu wa kituo hakutaka maneno mengi. Alisema gari la mahabusu linaondoka saa nane mchana kwenda mahakamani, na kutoka mahakamani moja kwa moja gerezani, na Fundi Gundi atakuwemo, kitabu kipatikane kisipatikane. Inspekta akaitikia ndiyo afande, akapiga saluti, akatoka. Alipofika kwenye korido akafyonza meno kwa nguvu, na kama mkuu wa kituo hakusikia basi akatibiwe masikio.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi mno, na hicho ndicho kilichomkera. Fundi Gundi alikuwa mjalidi wa vitabu wa Maktaba Kuu, mzee mjane, vidole vimekakamaa kwa gundi ya miaka yote, mtu ambaye hajawahi kugombana hata na paka wa karakana. Juzi alipewa kamusi ya kale ya Kilatini na Kitaliano, yenye jalada la ngozi ya ndama, aitengeneze mgongo kabla haijasafirishwa kwenda kwenye makumbusho ya ng'ambo. Jana alasiri akatoka kwenda kunawa mikono, akaurudishia mlango bila kuufunga, na aliporudi akakuta kibanio chake cha chuma kimefunguliwa na kamusi haimo. Akapiga kelele mwenyewe, akaita watu mwenyewe. Na polisi, kwa kuwa ufunguo wa karakana ulikuwa mfukoni mwake, wakambeba yeye mwenyewe. Kazi rahisi kweli hiyo.

Inspekta alimkuta kwenye benchi la mahabusu, amevuliwa viatu, soksi moja ina tundu kwenye kidole gumba. Hakuuliza atatoka lini. Aliuliza kama kitabu kimepatikana.

"Bado, Fundi. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Basi kitafuteni haraka, mwanangu. Kile kitabu ni kibichi."

Inspekta akadhani mzee ameanza kuweweseka kwa kukosa usingizi. Akavuta kiti, akamwomba amweleze taratibu kama anayemweleza mtoto. Fundi akaeleza. Mgongo wa zamani ulikuwa umekufa, akaubandua, akapaka gundi ya unga wa ngano, na ngozi pamoja na karatasi zikanywa maji. Kitabu kilicholowa namna hiyo hakiachwi hivihivi. Kinawekwa katikati ya mbao mbili, kinapachikwa karatasi nene za kufyonza maji ndani yake, kisha kinabanwa. Karatasi zikishiba zinatolewa, zinawekwa kavu. Kisipobanwa, jalada litajikunja kama ndala iliyoachwa juani. Karatasi zisipobadilishwa, kurasa zitashikana, na siku atakapotokea mtu wa kuzibandua ataondoka na herufi zote.

"Mwisho wa kubadilisha ni lini?" Inspekta aliuliza.

"Leo adhuhuri. Ikipita hapo tumekizika."

Macho ya mzee yalikuwa yamelengwa na machozi, na Inspekta akaona wazi kwamba si kwa ajili ya gereza. Akamuuliza nini kingine kilipotea. Fundi akasema alishamwambia yule askari wa jana, lakini askari hakuandika: mbao zake mbili za kubania hazipo, na bunda la karatasi za kufyonza limepungua. Askari alimjibu kwamba mbao si mali ya kale.

Swali la mwisho lilikuwa la kawaida, nani wa kumwekea dhamana. Mzee hakufikiri hata kidogo. Alisema Profesa, yule wa Kilatini mwenye chumba chake pale maktaba. Kila siku saa nne wanakunywa chai pamoja karakana, wana vikombe vyao viwili rafuni, vya bati. "Mpigieni tu, atakuja," alisema. Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa. Alimpigia Profesa jana usiku na leo asubuhi, na mara zote mbili akaambiwa Profesa ana kazi kidogo, atakuja baadaye.

Huyu Koplo watu walimwita Chapuchapu, kwa kejeli tu, maana alikuwa mzito kama gunia la mahindi. Ndani ya gari, wakielekea maktaba, akaanza kusema kwamba kwa maoni yake kesi imekwisha. Walipovuka taa za barabarani Inspekta akamgeukia.

"Nisikilize. Mwizi anayetaka kuuza anabeba kitabu anakimbia. Huyu amebeba kitabu, mbao na karatasi za kufyonza. Huyu hajaiba ng'ombe, Koplo. Ameiba mtoto mchanga pamoja na nepi zake."

Koplo akafikiri. Akasema basi ndiyo kwanza ni Fundi, kwani nani mwingine anajua kulea kitabu? Inspekta akaminya midomo. Hilo ndilo lilikuwa jiwe katika kiatu chake tangu asubuhi, na sasa hata Chapuchapu ameliona.

Lakini jambo moja lilikuwa upande wao, nalo lilikuwa limesimama getini. Maktaba ile ina geti moja tu, na mlinzi wake ni mtu wa kupekua hadi kero. Jana, tangu kelele za Fundi, hakuna aliyetoka bila kufunguliwa mkoba, hata Mkutubi Mkuu, bosi wake mwenyewe, alimwagiwa vipodozi vyake vyote juu ya meza. Mlinzi aliapa kwamba hata daftari la mtoto halikupita. Kwa hiyo kitabu kilikuwa bado ndani, na aliyekiiba alikuwa anakihudumia humohumo ndani, chini ya pua za askari waliopekua jengo mara mbili. Inspekta akasikia moyo ukianza kwenda mbio. Aliipenda hali hiyo, asikudanganye mtu.

Mlinzi akamvuta pembeni. Akanong'ona kwamba dereva wa maktaba ameingia leo alfajiri, ana boksi nyuma ya gari, boksi limetobolewa matundu, na alipoambiwa alifungue akasema ni mambo binafsi. Limefunikwa kwa blanketi. Inspekta hakungoja amalize. Matundu ni ya kuingiza hewa, na hewa ndiyo inayokausha kitu kibichi. Akakatiza bustani mbio, Koplo nyuma yake anahema, wakamkuta dereva amejilaza kwenye usukani. Kuona sare akaruka nje, akasimama mbele ya mlango wa nyuma mikono ameitanua.

"Afande, nina watoto," alisema dereva.

Koplo akamsogeza, Inspekta akalivuta blanketi, akafungua boksi. Vifaranga wa manjano wakamtazama, kisha wakaanza kulia kwa pamoja. Dereva akakiri yote bila kuulizwa: mke wake ana banda, bosi amekataza kubeba mifugo kwenye gari la kazi, na hawa ni wa kupeleka kwa shemeji yake mchana. Kifaranga mmoja alikuwa ameshapanda kwenye mkono wa Koplo na kuacha alama yake kwenye sare. Inspekta akalifunga boksi, akamwambia dereva awape maji, kuna joto. Wakarudi ndani ya jengo.

Mkutubi Mkuu alikuwa mama mmoja mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni, ukimsikia anakuja kabla hujamwona. Usingizi ulikuwa umemkimbia tangu jana. Watu wa makumbusho walikuwa wameshampigia simu, na alikuwa amewadanganya kwamba kitabu kinakauka, jambo ambalo Inspekta alimwambia huenda si uongo. Alipoulizwa nani huwa anaitumia kamusi ile, akacheka kwa uchungu.

"Mtu mmoja tu, dada yangu. Profesa. Vijana wa siku hizi wana simu. Yeye tumemwachia mpaka chumba, ghorofa ya pili. Nenda utamkuta anazunguka kama kawaida yake. Yule hakai. Wanafunzi wake wanalalamika shingo zinawauma kwa kumfuata kwa macho."

Chumba cha Profesa kilikuwa kimejaa vitabu mpaka kwenye kizingiti cha dirisha. Katikati palikuwa na meza kubwa, na nyuma ya meza kiti kipana cha mikono chenye takia, na kwenye kiti Profesa mwenyewe, mtu mnene mwenye miwani na sauti ya kujaza ukumbi. Inspekta akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa mkono juu ya meza. Profesa akaomba radhi kwa kutosimama, magoti, alisema, magoti yameanza kumgeuka. Inspekta akasema pole sana, akakaa.

Alimuuliza kamusi ile ilikuwa na nini hasa, maana alihitaji kujua nani angeitamani. Hapo ndipo mtu yule alipowaka. Akasema kamusi zingine zinakupa maana ya neno ukaenda zako, ile inakupeleka nyumbani kwa neno, ikakuonyesha mama yake na bibi yake. Kisha akamnyooshea kidole Inspekta akamuuliza kazi yake ni nini.

"Upelelezi, Profesa. Si unaniona?"

"Basi nikupe neno la kazi yako. Nitolee kile kitabu chekundu, kule juu kabisa. Panda hicho kingazi, hakiumi."

Inspekta akapanda kingazi, akakitoa, akakipangusa vumbi kwa kiganja. Profesa akakifungua bila kutafuta, ukurasa ukaja wenyewe. Akaweka kidole kwenye kitenzi kimoja cha Kitaliano: indagare. Leo, alisema, Mtaliano akilitumia anamaanisha kupeleleza, kuchunguza jambo mpaka mwisho. Polisi wao wanalo, madaktari wanalo, wanafalsafa wanalo. Uchunguzi wenyewe wanauita indagine. Lakini neno hili halikuzaliwa ofisini. Limetoka kwenye Kilatini, na kwenye Kilatini lilizaliwa porini.

Alikuwa anatweta sasa. Akaeleza kwamba wengi wa wataalamu wanaona sehemu mbili ndani yake, ya kwanza ina maana ya ndani, ya pili ina maana ya kuswaga, kama mtu anavyoswaga ng'ombe. Warumi wa kale walipotaka kuwinda hawakumkimbiza mnyama mmojammoja. Waliuzunguka msitu wote. Duara lile la watu na nyavu ndilo walilolipa jina, na kutoka kwenye duara likatoka kitenzi.

"Unaona?" Alipiga meza kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka. "Nyinyi mnadhani kupeleleza ni kufuata nyayo. Mbwa ndiye anafuata nyayo. Mwindaji anazunguka msitu, anapiga kelele pande tatu, upande wa nne anaunyamazia. Wavu uko kwenye ukimya."

"Na mnyama? Hajui kama anaswagwa?"

"Hajui, mama. Hapo ndipo utamu ulipo. Anadhani anakwenda kwa miguu yake mahali pa usalama."

Profesa alikuwa amefurahi kwelikweli, kama mtu aliyepewa zawadi, na hakuwa anaigiza. Kisha Inspekta akamrudisha kwenye kesi. Profesa akasema jana alasiri alikuwa hapahapa anasoma. Ndiyo, saa nne alikunywa chai na Fundi, akaondoka. Ndiyo, alipigiwa simu kuhusu dhamana.

"Nitakwenda jioni," alisema.

"Jioni atakuwa gerezani, Profesa."

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akachukua muda mrefu kuifuta. Akasema hawana ushahidi, watamwachia, mtu hafungwi bila ushahidi. Inspekta akashukuru kwa somo, akakirudisha kitabu chekundu kule juu kabisa, akatoka.

Kwenye ngazi akasimama ghafla hivi kwamba Koplo akamgonga mgongoni.

"Umemwona alivyosisimka?" alimuuliza kwa sauti ya chini. "Mtu anayefundisha huku anatembea. Amepandwa na mori mpaka anapiga meza, na kitabu anachokitaka kiko hatua chache kutoka kwake. Akanituma mimi, mgeni, mwanamke mwenye sare, nimpandie kingazi."

"Si amesema magoti, afande."

"Chumba chake kiko ghorofa ya pili, Koplo, na jengo hili halina lifti. Asubuhi ameyapandisha nani hayo magoti?"

Askari walikuwa wamepekua chumba kile mara mbili, rafu kwa rafu, na mara zote mbili Profesa alikuwa ameketi akiwaelekeza. Kitabu kibichi kinataka mbao mbili na uzito, na Profesa alikuwa na kilo za kutosha. Koplo akageuka kurudi, akisema anakwenda kumnyanyua sasa hivi, hata kama ni kwa kola. Inspekta akamshika mkanda.

Akamwuliza, wakikikuta chini ya takia, Profesa atasema nini? Atasema kimewekwa na mtu, chumba hakifungwi, yeye amekaa tu kwenye kiti chake. Wakili yeyote atamchomoa, na Fundi, aliyekuwa na ufunguo, atabaki palepale. Wasipokikuta, ndiyo basi kabisa. Ili Fundi atoke mtu mwingine lazima akutwe na kitabu mkononi. Na adhuhuri inakaribia.

Macho ya Inspekta yalikuwa yanang'aa. Akaanza kutoa amri, na askari waliomzoea walijua akifika hapo usimuulize kwa nini. Kundi moja lianzie chini, lingine lianzie ghorofa ya juu, wafungue kila mlango na kuubamiza, wasukume makabati, waburuze viti, wakutane ghorofa ya pili, na waseme kwa sauti kwamba safari hii hata takia litapasuliwa. Ngazi za mbele wasimame wawili. Ngazi za nyuma, zile zinazoshuka kwenye karakana, asikanyage mtu. Utepe wa polisi kwenye mlango wa karakana utolewe, na askari anayeulinda aende zake akale.

Mkutubi Mkuu akapewa kipaza sauti, kile cha kuwatangazia wasomaji muda wa kufunga. Alitakiwa aseme maneno ya Fundi tu, bila kuongeza chumvi: kitabu kilichopotea ni kibichi, karatasi zake zisipobadilishwa kufika adhuhuri kurasa zitashikana, na mwenye taarifa yoyote ajitokeze.

"Na wewe," alimwambia Koplo, "nenda kituoni ukaniletee Fundi."

"Mkuu wa kituo atanichinja."

"Mwambie ni utambuzi wa kielelezo. Na leo, nakuomba, fanana na jina lako."

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya ngozi na unga. Kibanio cha chuma kilisimama katikati, gurudumu lake juu, kinywa wazi. Kilikuwa kimeshapekuliwa, kupigwa picha na kupakwa unga wa alama za vidole, na hakuna askari angekigusa tena. Juu ya meza Inspekta aliweka bunda la karatasi kavu za kufyonza, mahali ambapo kipofu angeliona. Kisha akajipenyeza nyuma ya ngozi zilizotundikwa ukutani zikaushwe. Kutoka hapo aliona mlango, meza, kibanio, na rafu yenye vikombe viwili vya bati.

Kelele zikaanza. Kwanza juu, milango ikibamizwa, kisha chini. Makabati yakaburuzwa mpaka vumbi likadondoka kutoka darini. Sauti ya Mkutubi Mkuu ikapita kwenye kila chumba, kibichi, adhuhuri, kurasa zitashikana, na kwa kuwa mama yule alikuwa na hofu ya kweli, maneno yalitetemeka vizuri kuliko mwigizaji yeyote. Inspekta alikuwa amebana pumzi. Jasho lilimtiririka mgongoni, ngozi moja ilikuwa inamkwaruza sikio, na asingebadilisha siku hiyo kwa siku nyingine yoyote ya kazi yake.

Kelele za juu na za chini zikakaribiana. Kwenye ngazi za nyuma kulikuwa kimya.

Halafu hatua. Za haraka, nzito, za mtu ambaye magoti yake hayana hata chembe ya ugonjwa. Mlango ukafunguliwa na kurudishiwa taratibu, na Profesa akaingia akiwa amekumbatia koti lililofunika kitu bapa. Akasikiliza. Akaliweka koti juu ya meza, akalifunua, na hapo zikaonekana mbao mbili zimefungwa kwa mkanda wa suruali, na katikati yake ngozi ya ndama ya rangi ya asali.

Inspekta angeweza kutoka wakati ule. Hakutoka. Profesa alifungua mkanda, akafungua kitabu kwa ncha za vidole, akaanza kutoa karatasi zilizolowa, moja baada ya nyingine, akiweka kavu mahali pake na kulainisha kila moja kwa kiganja. Alikuwa anaongea peke yake kwa sauti ndogo, pole, pole, tayari. Alipomaliza akafunga kitabu, akakirudisha kati ya mbao, akakiingiza kwenye kibanio, akaanza kuzungusha gurudumu. Pale palikuwa mahali salama kuliko pote katika jengo zima. Nani angetafuta kitu kilikoibwa?

"Kaza kidogo tena, Profesa," alisema Inspekta kutoka nyuma ya ngozi. "Jalada lisije likainuka upande mmoja."

Profesa hakushtuka kama watu wanavyoshtuka. Mikono yake ilibaki kwenye gurudumu. Akalizungusha kidogo tena, akapima kwa kidole, kisha ndipo akageuka.

"Tangu saa ngapi umejua?"

"Tangu uliponituma kitabu chekundu. Lakini sikujua la kufanya mpaka ulipoanza kunifundisha."

Profesa akatazama mlango wa ngazi za nyuma alizoshukia, akatazama bunda la karatasi juu ya meza, akasikiliza kelele zilizokuwa zimekoma ghafla kila upande. Uso wake ukabadilika polepole. Alikuwa analiona duara. Akacheka kicheko kifupi, kicheko cha mwalimu aliyepata jibu sahihi kutoka nyuma ya darasa, na kicheko hicho hakikumfikisha mbali.

Inspekta akamsomea haki zake kwanza, kama utaratibu unavyotaka, kisha akamuuliza kwa nini. Profesa akasema wangeiweka kamusi ndani ya kioo, wazi kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa huo usingefunuliwa tena milele. Miaka thelathini aliisoma yeye peke yake. Hakutaka kuiuza, hakutaka hata kuitoa humu ndani. Alitaka tu isiondoke. Inspekta akamuuliza, na Fundi je? Akarudia kwamba alijua watamwachia. Alilisema kwa sauti ndogo mno, na hakumtazama usoni.

Hapo mlango ukafunguliwa. Koplo, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa amefanya kweli. Fundi Gundi aliingia na soksi zake, viatu ameshika mkononi, hakuamkia mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye kibanio. Akainama, akachungulia kingo za jalada upande huu na upande ule, akagusa pembe ya karatasi ya kufyonza, akanusa vidole. Mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Nani amebadilisha karatasi?" aliuliza.

"Mimi," alisema Profesa.

"Umebadilisha vizuri."

Inspekta aliona mzee bado hajaelewa. Alikuwa amefurahi kukuta kitabu kizima, na furaha ilikuwa imemfunika macho. Kisha akaona mkanda wa suruali juu ya meza, na koti analolijua, na karatasi zilizolowa zimepangwa kwa namna aliyomwonyesha mtu mmoja tu, wakiwa wanakunywa chai. Akasimama wima. Akaangalia kibanio, akamwangalia Profesa.

"Jana usiku waliniuliza nani wa kunidhamini," alisema. "Nikakutaja wewe. Sikumtaja mwingine."

Profesa akafungua mdomo. Mtu huyu aliyekuwa na neno kwa kila kitu, pamoja na mama wa neno na bibi yake, alisimama pale akitafuta na hakupata. Koplo akamshika mkono bila nguvu, wakatoka kuelekea getini, na gari la mahabusu liliondoka saa nane kama mkuu wa kituo alivyotaka.

Inspekta akasema kitabu sasa ni kielelezo, itabidi akichukue. Fundi akamjibu kwamba hatakichukua mpaka kesho, kikauke kwanza, na kama ana haraka akamshitaki. Inspekta hakubishana. Mzee akavaa viatu, akatundua aproni yake msumarini, akawasha jiko dogo la umeme. Akavitoa vikombe viwili rafuni, akavisuuza vyote kwa muda mrefu, na kile cha pili akampa Inspekta.